Trekta Liko Njiani

Mvua ya kwanza ilishuka Mughanje mchana wa jua kali, na kabla haijakatika watu walikuwa wameshatoka nje na majembe. Hakuna aliyengoja kuambiwa. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imewapa mgongo, wakaishi kwa unga wa yanga uliogawiwa na serikali, ule unga wa njano ambao watoto waliula huku wamekunja nyuso. Kwa hiyo udongo ulipolowa tu, kijiji kizima kilimiminika kwenye mashamba ya bega kwa bega. Vilikuwa vipande virefu vilivyopimwa kwa kamba mwaka ule walipohamishiwa huko, kila kaya na chake, kimoja kimebanana na kingine, na mpaka wenyewe ni vijiti tu.

Kaya moja peke yake ilibaki nyumbani. Alute alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa shati lake la kanisani, ametega sikio upande wa barabara. Mkewe Damari alikuwa amesimama nyuma yake. Naye alitega sikio, ila yeye alichokisikia ni majembe ya wenzake.

"Kesho," Alute akasema. "Udongo ukishalowa hivi, kesho wanakuja. Trekta halilimi udongo mkavu, plau inavunjika. Nimeyaona hayo mkongeni."

Mkongeni ni Tanga, alikokwenda kukata mkonge ujanani, na tangu arudi hapakuwa na jambo duniani ambalo hakuwa ameliona huko. Mvua, homa, bei ya sabuni, tabia za Wazungu, vyote alivijua kutoka mkongeni. Damari alikuwa amezoea. Alimpenda mumewe, lakini kuna siku alitamani mkonge wote wa Tanga uungue moto.

"Na kesho wasipokuja?" akauliza.

"Mama Leah, hawa watu wamekula hela zetu. Watakosaje kuja?"

Hela zenyewe zilikuwa za mtamba mwekundu wa Damari, aliyepewa na baba yake mzazi, na ambaye angezaa kabla ya masika kwisha. Walimuuza mnadani kwa sababu ya maneno ya Philipo, karani wa kituo cha matrekta ya kukodi mjini Singida. Philipo alikuja kiangazi na pikipiki, akasimama mbele ya mkutano wa kijiji, akasema jembe la mkono ni utumwa. Atakayelipa mapema, akasema, mvua ikinyesha atakuwa wa kwanza kulimiwa. Watu walipiga makofi, wakarudi majumbani mwao bila kulipa. Aliyelipa ni Alute peke yake.

Na kama angelipa akanyamaza, isingekuwa neno. Lakini Mughanje walikuwa na desturi yao ya kulimiana, waliyotoka nayo kule walikohamishwa. Kila kaya ina siku yake ya jembe. Siku hiyo majirani wote wanakuja kukulimia, nawe unawapa pombe ya mtama, na kesho yake mnahamia kwa mwingine. Zamu zilipopangwa uani kwa Stumai, Alute alisimama akasema, "Mimi mniondoe. Nina trekta. Nyie endeleeni kukwaruza." Alicheka alipolisema hilo. Wengine hawakucheka. Jioni hiyohiyo akamwambia Damari mtama uliowekwa kwa ajili ya pombe ya zamu wausage tu, wale ugali, maana pombe haitahitajika tena. Walikuwa na njaa, wakausaga, wakala.

*

Kesho ilipita, na kesho nyingine. Majembe yalihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, yakakizunguka kipande cha Alute, yakakiruka. Upande wa kulia mtama ukaota, upande wa kushoto uwele ukaota, na katikati pakaota majani. Waliopita barabarani walianza kumsalimu Alute kwa namna mpya.

"Baba Leah, habari za trekta?"

"Liko njiani."

"Litakuwa limepumzika kidogo. Ni mbali."

Alute alicheka nao siku za mwanzo. Baadaye akawa anahamishia kigoda chake nyuma ya nyumba. Usiku hakulala vizuri, na lori lolote likipita alikuwa akinyanyua kichwa.

"Nenda mjini ukawaulize," Damari akamwambia.

"Nikienda nitaonekana siwaamini."

"Kwani unawaamini?"

Alfajiri Damari akajifunga kitenge, akachukua risiti ya malipo kutoka chini ya godoro, akaomba lifti ya lori la chama cha ushirika lililokuwa likienda Singida na magunia matupu.

Alipofika Utemini, mtaa wa mjini Singida, alishuka, na kitu cha kwanza kukiona kilikuwa trekta. Liliwasili na tela nyuma, tela limejaa matofali ya kuchoma, likasimama kwenye kiwanja ambapo mtu fulani alikuwa anajenga nyumba kubwa. Vijana wakaanza kuyapakua. Damari alisimama akalitazama mpaka dereva akamwuliza kama amepotea.

"Hili trekta linalima?" akauliza.

"Linalima, mama. Likipangiwa kulima."

Kituoni alimkuta Philipo anakunywa chai kwa chapati. Alikuwa kijana mpole, na upole huo ndio uliomchosha Damari zaidi. Alimwamkia, "Shikamoo mama," akamvutia kiti, akaipokea risiti kwa mikono miwili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ndiyo, Mughanje. Alute. Mko kwenye mpango."

"Wenzetu mtama umeshaota."

"Najua, mama. Trekta moja ni bovu, jingine lina kazi ya tela, la tatu liko njiani."

"Njiani wapi? Mimi nimekuja na barabara hiyohiyo. Sijakutana nalo."

Philipo akatabasamu kidogo, akashusha sauti. "Mama yangu, tuliahidi kulima. Hatukuahidi siku. Tazama risiti yako. Imeandikwa jina, kijiji, ekari. Siku haipo."

"Ulisema mvua ikinyesha tutakuwa wa kwanza. Ulisimama ukasema."

"Nilisema mkutanoni. Mkutano ni hamasa."

Damari akamwomba warudishiwe hela zao, watafute ng'ombe wa kukodi. Philipo akaeleza kwa upole uleule kwamba inawezekana. Aandike barua ya kujitoa, barua iende kwa meneja, meneja aipeleke kwenye kikao. Lakini akishajitoa, trekta likifika Mughanje litampita, kwa sababu atakuwa si mteja tena. Na kikao hakijulikani kitakaa lini. "Shauri lako, mama," akasema. "Ningekuwa mimi ningevumilia." Halafu akamkaribisha chai. Damari alikuwa hajala tangu jana, lakini hakuweza kuinywa chai ya mtu huyo.

*

Mpishi wa kituo alimfuata hadi getini akamnong'oneza aende bomani, kwa ofisa biashara, Ndugu Gabrieli, mkali wa wanaowaonea wananchi. Damari akaenda kwa miguu. Akakaa kwenye benchi pamoja na bibi mmoja wa Mandewa aliyekuwa analia. Bibi yule alikuwa amekamatwa anauza chumvi kwa kikombe kilichopondwa kitako ili kipime pungufu. Kikombe chenyewe kilikuwa mezani kwa ofisa. Gabrieli alimkaripia yule bibi mpaka sauti ikasikika nje, akamwandikia faini, akakitia kikombe kwenye kabati na kufunga kwa ufunguo. Damari alimwonea huruma yule bibi, lakini moyoni akafurahi. Hapa sasa, akajisemea, nimefika.

"Karibu mama. Shida?"

Damari alieleza yote, tangu mtamba mwekundu mpaka matofali ya Utemini. Gabrieli alisikiliza vizuri, hata akakunja uso mahali pa kukunja uso. Damari alipomaliza, akamwuliza, "Sasa huyu Philipo alikuuzia nini?"

"Hakuniuzia kitu. Tulilipa tulimiwe."

"Ndiyo, lakini bidhaa gani?"

"Kulima."

Ofisa akaegemea kiti. "Hapo ndipo penye tabu. Mimi nina sheria ya bei na sheria ya mizani. Angekuuzia sukari kwa bei ya kuruka, leo hii angelala ndani. Angekupunja kitambaa hata shubiri moja, ningemfuata mimi mwenyewe. Lakini kulima hakuwekwi kwenye mizani. Sina pa kumshikia."

"Kanipunja msimu mzima."

"Nakuelewa, mama."

"Na mahakamani?"

"Utashtaki nini? Kuchelewa? Mtu hachelewi mpaka kwanza pawe na siku ya kuwahi. Siku haikuandikwa." Akamtazama, na kwa kweli alionekana mtu anayeona aibu. "Watamwambia hakimu trekta liko njiani. Hakimu atawaambia mngoje."

Damari aliitazama kabati iliyofungiwa kikombe cha chumvi. Akashukuru, kama watu wa kwao walivyofundishwa kushukuru ofisini hata wakiondoka mikono mitupu, akatoka. Nje bibi wa Mandewa alikuwa bado analia, anahesabu senti za faini kwenye ncha ya kanga.

*

Aliporudi hakumwambia Alute habari za matofali. Alimwambia tu, "Haliji." Kisha akaenda kwa Stumai.

Stumai ndiye aliyekuwa akipanga zamu za jembe. Alikuwa mjane Mwislamu, mrefu, asiyependa maneno mengi. Pombe hanywi wala hapiki. Siku yake ya jembe alikuwa akiwapa watu togwa, nao walikuja kwake wengi kuliko kwa wanaopika pombe. Damari alimkuta anapepeta uwele.

"Nimekuja kuomba siku," akasema.

"Zamu imeshazunguka, Mama Leah. Sasa tunapalilia."

"Najua."

"Na pombe?"

"Sina. Mtama wake tuliula."

Stumai aliendelea kupepeta. Damari akasikia machozi yanamjia, akainamisha uso.

"Wewe sina ugomvi na wewe," Stumai akasema mwishowe. "Lakini watu walitukanwa. Wanakwaruza, alisema. Mwambie aje mwenyewe awaambie wakamkwaruzie."

Hilo lilikuwa gumu kuliko safari ya mjini. Alute alikataa jioni ile, akakataa na asubuhi, akasema afadhali alale njaa. Damari hakupaza sauti. Alisema tu, "Wewe lala njaa. Leah naye unamlaza?" Kisha akaokota jembe akaenda peke yake kwenye kipande chao, akaanza kulima kutoka upande wa barabara. Udongo ulikuwa umeshaanza kukaza, na majani yalikuwa na mizizi. Kufika mchana viganja vilikuwa vimetoa malengelenge, malengelenge yamepasuka, na alichokuwa amelima mtu angeweza kukiruka.

Alipoinua macho alimwona mumewe anapita kwenye vijia vya mashamba, kutoka kipande hadi kipande, kofia mkononi. Hakusikia aliyokuwa akiyasema. Aliona tu jinsi watu walivyoacha kupalilia wakamsikiliza, na jinsi mmoja alivyocheka kwa sauti akapigwa kofi la bega na Stumai. Damari aligeuka akaendelea kulima. Hakutaka Alute ajue kwamba ameona.

Majirani walikuja asubuhi moja, wakaondoka jua lilipokuwa utosini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na magugu yake. Stumai alileta togwa mtungi mzima, akasema ni ya Damari, na hakuna aliyeuliza. Theluthi ya kipande ikalimwa, ile ya mbele, iliyopakana na barabara. Damari na binti yao Leah wakapanda mtama siku hiyohiyo. Badala ya pombe, Alute aliahidi kupalilia siku moja kwa kila aliyekuja, na akaanza kuilipa ahadi hiyo kesho yake.

Mungu akajalia mvua haikukata. Mtama wa kuchelewa ukaota, mwembamba lakini wa kijani, na kila asubuhi Damari alikuwa akipita katikati ya mistari kabla hajaenda kisimani. Ulikuwa hautoshi mwaka. Alijua hivyo. Lakini ulikuwa chakula, ulikuwa wao, na alikuwa ameuchimbia kwa ngozi ya viganja vyake.

*

Trekta lilikuja mtama ulipofika magotini.

Lilisikika tangu mbali, na watoto wakalikimbilia. Lilikuwa lilelile la Utemini. Damari alimtambua dereva. Lilisimama barabarani mbele ya kipande chao, plau imeinuliwa nyuma, injini inanguruma.

"Shamba la Alute?"

"Ndilo," Alute akasema. Alikuwa ametoka mbio kwenye shamba la mtu aliyekuwa akimpalilia, jasho linamtiririka.

"Haya, ondoeni watoto. Nalima."

Damari alijikuta amesimama mbele ya magurudumu. "Unalima nini? Huoni mtama?"

Dereva akatazama, akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Kwangu imeandikwa Alute, Mughanje, nilime nirudi."

"Pita nyuma basi," Alute akasema. "Kule nyuma kumebaki kipande kikubwa, hakijapandwa. Lima huko. Hata viazi tutapanda."

"Nipite wapi?"

Wote wakatazama. Kulia palikuwa na mtama wa jirani, kiunoni. Kushoto palikuwa na uwele wa Stumai, umeanza kutoa masuke. Nyuma kulikuwa na mawe na vichaka. Njia ya kufika kule nyuma ilikuwa moja tu, nayo ilipita juu ya mtama wa Damari.

"Hakuna njia," dereva akasema. "Basi wekeni dole." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati na kidau cha wino. "Mimi siwezi kurudi mikono mitupu. Ama nimelima, ama mmeweka dole. Mkikataa vyote viwili nitalima, maana nikirudi bila kimoja nafukuzwa kazi."

Damari akaichukua karatasi. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima jioni za kiangazi, chini ya karabai ya shule, na kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, kwa kufuata herufi kwa kidole. Watu wakamngoja.

"Mteja," akasoma. "Mteja amekataa... kulimiwa." Akarudia kwa pumzi moja. "Mteja amekataa kulimiwa. Nani amekataa? Sisi tumekataa?"

"Ndivyo inavyoandikwa mama. Zote ziko hivyo."

"Andika na kwamba tulikungoja. Andika na matofali."

"Hapana nafasi."

"Na hela zetu?"

Dereva akatazama usukani. "Aliyekataa mwenyewe harudishiwi."

Alute alilitazama trekta, chuma chekundu, magurudumu yaliyomzidi kimo, kitu alichokisifia miaka yote. Kisha akautazama mtama. Damari alikuwa amemjua kwa miaka mingi na alidhani hakuna uso wake asioujua, lakini huu hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa achague nani afe.

"Lete," Alute akasema.

Akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza karatasini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Dereva akaipuliza ikauke, akaikunja, akaomba maji ya kunywa. Damari alimpa. Trekta likageuzwa, likaondoka na plau yake safi, haikuwa imegusa udongo.

*

Jumapili baada ya ibada kengele ya mkutano iligongwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bonaventura, alikuwa na taarifa kutoka wilayani, naye aliisoma amesimama wima, miwani imeshuka puani. Kilimo cha kisasa kimepiga hatua. Kituo cha matrekta kimetimiza lengo lake katika tarafa nzima. Kila mkulima aliyelipa amehudumiwa, isipokuwa mmoja tu, wa Mughanje, ambaye trekta lilimfikia hadi shambani akakataa maendeleo.

Bonaventura alifika hapo akasita. Alikuwepo siku ile, alikuwa ameona kila kitu kutoka kwenye uwele wake. Lakini taarifa ni taarifa, na ilikuwa na mhuri. Akaimalizia. Ilimalizikia kwa shukrani kwa kituo, na ombi kwamba wananchi waonyeshe shukrani hizo kwa makofi.

Makofi yakaanza mbele, kwa wale wa kamati, yakasambaa nyuma kwa uvivu, kwa mazoea tu. Stumai alikaa na mikono imefungwa kifuani. Damari akatazama chini, kwenye viganja vyake vilivyokuwa vimeanza kuota ngozi mpya. Pembeni yake akasikia kofi. Akageuka.

Alute alikuwa anapiga makofi. Macho yake yalikuwa mbele, kwa mwenyekiti, na alikuwa anapiga taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeambiwa apige. Kidole gumba chake kilikuwa bado cheusi. Alikuwa amekisugua kwa mchanga na kwa majivu, lakini wino haukutoka.

Damari akanyoosha mkono, akaushika wa mumewe hewani, akaushusha mpaka magotini mwake. Akaufunikia kitenge.

"Inatosha, Baba Leah," akasema. "Twende tukapalilie."